Je, tumeitupa Sahara Magharibi?

SWALI: Shikamoo mzee. Naswali Kinondoni, kwenye ule msikiti mkubwa wa Bakwata uliojengwa kwa msaada wa Mfalme Mohammed VI wa Morocco. Juzi baada ya Alasiri vijana walibishana. Mmoja anasema Tanzania inaitambua Sahara Magharibi kuwa nchi. Mwingine anasema tuliachana nao mfalme alipokuja. Nani mkweli?
Msomaji, Magomeni

JIBU: Marahaba. Wa kwanza ndiye mkweli. Tuliitambua jamhuri ya Wasahrawi, wenyeji wa Sahara Magharibi, ardhi ambayo Morocco inadai ni yake, mwaka 1978, enzi za Mwalimu, na hatujaifuta. Kwa sisi tuliokuwa vijana Dar es Salaam wakati ule halikuwa jambo la ajabu. Kamati ya Ukombozi ya OAU, umoja wa nchi za Afrika wa wakati ule, ilikuwa hapahapa, na ofisi ya FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, ilikuwa Mtaa wa Nkrumah, tukipita mlangoni kila siku.

Oktoba 1975, Uhispania iliyokuwa ikiitawala Sahara Magharibi ikijiandaa kuondoka, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilisema utii wa baadhi ya makabila kwa sultani wa Morocco hapo kale hauifanyi ardhi ile kuwa ya Morocco, wenyeji waamue. Novemba, Morocco ikavusha mpakani raia wake wapatao 350,000. Vita kati ya Morocco na wapiganaji wa Kisahrawi vikafuata hadi 1991, vikasimamishwa kwa ahadi ya kura ya maoni. Kura hiyo haijapigwa. Kilichopo ni ukuta wa mchanga wa kilomita 2,700 uliozungushiwa mabomu ya ardhini. Wakimbizi wako Tindouf, Algeria, wengine wamezeeka na kuzikwa hukohuko, huku fosfeti, madini ya kutengenezea mbolea, ya mgodi wa Bou Craa ulioko Sahara Magharibi ikisafirishwa hadi baharini kwa mkanda wa mashine wa kilomita kama 100.

Mfalme alikuja Oktoba 2016, mikataba ikasainiwa. Lakini kupokea msikiti si kukubali madai ya mpaka, kwa hiyo swalini bila wasiwasi. Hata Morocco yenyewe iliporudi Umoja wa Afrika mwaka 2017 iliwakuta Wasahrawi wameketi humo, nao wapo mpaka leo.

Kinachoniuma ni sauti yetu kufifia. Marekani imeegemea Morocco tangu 2020, Uhispania 2022, Ufaransa 2024. Mwaka huo wa 2022 Mahakama ya Afrika, pale Arusha, ilitoa hukumu katika kesi ambayo Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi nane zilizoshtakiwa kwa kukubali Morocco irudi. Hatukukutwa na hatia, ila mahakama ilikumbusha kwamba nchi zote zina wajibu wa kuwasaidia Wasahrawi wajiamulie mambo yao. Wizara ya Mambo ya Nje iuseme msimamo wa 1978 hadharani, kwa Kiswahili, vijana wa Kinondoni wausikie.