Sikio linavuma, dawa iko wapi?

Mimi ni nahodha wa boti ya abiria, Mokowe hadi Lamu. Nikilala, masikio yanalia kama nyenje. Nitajie dawa nikanunue.

Laiti ingekuwepo, nahodha. Hakuna kidonge kilichothibitika kuzima sauti hiyo, na anayekuuzia anakula pesa zako. Kelele za injini za miaka mingi huua chembe za kusikia zilizo katika sikio la ndani, nazo hazioti tena. Ubongo ukikosa sauti uliyozoea kupokea, hujitungia yake. Kwa hiyo kwanza kapimwe usikivu. Ukikutwa umepungukiwa, kifaa cha kusaidia kusikia mara nyingi hupunguza mvumo, kwani sauti za nje zikirudi, ule wa ndani humezwa. Watu wetu hukionea haya kifaa hicho, na miwani wanavaa bila taabu! Usiku usilale katika kimya kitupu. Washa feni, au redio kwa sauti ndogo, chini kidogo ya mvumo wenyewe.

Na kazini uvae vizibo vya masikio. Kelele za desibeli 85 (desibeli ni kipimo cha ukali wa sauti) zinavumilika takriban saa 8 kwa siku. Kila zikiongezeka desibeli 3, muda huo hupungua nusu. Wewe unakaa karibu na injini kutwa.

Jirani yangu hapa Langoni anasema nitie mafuta ya habasoda yaliyochemshwa. Je, yafaa?

Usitie, bibi. Mafuta ya moto huunguza, na ngoma ya sikio ikiwa na tundu, hata ya vuguvugu hayafai. Huenda ni nta tu imeziba. Ikisafishwa hospitalini, mvumo unaweza kwisha siku hiyo hiyo. Vijiti vya pamba navyo viache, vinaisukuma ndani zaidi.

Mvumo ulinianza nilipotibiwa malaria kwa kwinini. Utaisha?

Kwa kawaida huisha dawa ikimalizika. Aspirini nyingi nayo hufanya hivyo hivyo. Za kuogopa zaidi ni baadhi ya sindano za kuua bakteria, kama jentamaisini, ambayo madhara yake yanaweza kubaki. Lakini usikatize dozi kwa uamuzi wako, mwambie daktari.

Mimi ni mwalimu, Shela. Daktari amenipeleka kwa mtaalamu wa saikolojia. Kwani nina wazimu?

Huna, mwalimu, na daktari wako amefanya jambo ambalo wengi hawalifanyi. Tiba ya mazungumzo inayobadili fikra na mwenendo ndiyo yenye ushahidi mzuri zaidi wa kupunguza mateso ya mvumo. Nikwambie kweli: haipunguzi sauti yenyewe. Kinachobadilika ni namna unavyoipokea. Sasa hivi kila ukiisikia moyo unashtuka, usingizi unaruka, asubuhi umechoka, na uchovu huo unaifanya isikike zaidi. Mtaalamu atakufundisha kuukata mzunguko huo, kwa vikao vya wiki kadhaa. Dua zako endelea nazo, hazigombani na tiba.

Mwanangu yuko Ulaya, amenitumia vidonge vya ginkgo, vya majani ya mti, na anasema kuna mashine inayowekwa ulimini. Tuchange tuinunue?

Ipo, inaitwa Lenire, na Marekani iliidhinishwa mwaka 2023. Hupeleka sauti masikioni huku ikitekenya ulimi kwa umeme hafifu. Wako iliowasaidia, lakini ni ghali na si ya kila mtu. Mimi ningeanza na kipimo cha usikivu. Vidonge vya ginkgo alivyokutumia havihitajiki. Mwongozo wa madaktari wa masikio wa Marekani wa mwaka 2014 ulishauri visitumike kwa mvumo.

Mimi msichana wa Faza. Sikio moja tu ndilo linalovuma, tena linapiga sambamba na mapigo ya moyo.

Wewe mdogo wangu usikae nyumbani. Mvumo unaofuata mapigo unaweza kutoka kwenye mshipa wa damu, na wa sikio moja pia huchunguzwa, pengine kwa picha za kichwa. Nenda hospitali wiki hii, wapime na presha. Na sikio likizima ghafla, lisisikie kabisa, hiyo ni dharura: dawa za steroidi hufaa zaidi zikianzwa ndani ya siku chache, kwa hiyo panda boti siku hiyo hiyo.