Anti, mzee anataka nishuke Kitonga nyutro

SWALI: Shikamoo anti. Mimi kijana wa miaka 25, nimemaliza kozi ya magari makubwa nikapata leseni daraja E, sasa hivi nipo kampuni moja ya malori hapa Dar, tunapeleka mizigo Congo tunarudi na shaba. Nimepangwa na suka (dereva) mmoja mzee anifundishe njia kabla sijapewa gari langu. Anti huyu mzee ananitesa. Ananiita msomi wa cheti, nikikosea gia ananichapa kofi la mkono hapohapo gari linatembea, napika mimi, nafua nguo zake mimi, usiku yeye analala kabin mimi chini ya tela. Tukishuka mlima Kitonga kule Iringa ananiambia weka nyutro, yani gari literemke bila gia, tubanie mafuta, nikisita ananitukana mpaka mama. Hayo mafuta anauza njiani, safari iliyopita alinipa elfu ishirini ya soda. Nikamripoti ofisini au nivumilie? Naogopa kufukuzwa, mama aliuza ng'ombe kulipia kozi. (Utingo, Temeke)

JIBU: Marahaba mwanangu. Pole na safari. Mimi sijawahi kushika usukani wa lori ila baba watoto wangu kaendesha njia hiyohiyo ya Tunduma mpaka kastaafu, kwa hiyo habari za suka na utingo wake nimezisikia mezani kwangu miaka yote, na nikwambie tu ukweli, nusu ya malalamiko yako ni ya kumeza na nusu sio ya kumeza kabisa, shida umeyaandika yote kwa uzito mmoja.

Kupika, pika. Utingo ndo mpishi tangu enzi hizo na mzee akishashiba ndo anafunguka, anakwambia kona ipi mvua ikinyesha inateleza, mizani ipi foleni inapungua usiku, pale Tunduma karatasi zikikwama umfuate nani, hayo hukufundishwa darasani na hakuna atakayekupa bure. Msomi wa cheti nalo acha liingie huku litokee huku. Shati lake ukiloweka na lako sio kesi, boksa afue mwenyewe, mwambie kwa utani mbele ya madereva wenzake mkiwa mmepaki, watacheka na yeye atacheka na hatakupa tena. Ila chini ya tela usilale, hata akununie, lala kwenye viti vya mbele umejikunja hivyohivyo au lala kwa watu. Madereva wanaamka saa tisa usiku wana haraka zao, mtu anawasha gari anaondoka hajainama kuangalia kama kuna binadamu kwenye matairi.

Kofi wakati unaendesha hapana. Usimjibu hapohapo, mkono ubaki kwenye usukani, mkisimama ndo unamwambia "mzee nifokee utakavyo ila usinipige nikiwa naendesha, nikishtuka tunakufa wote." Sentensi moja, unanyamaza, unaenda kukagua matairi.

Sasa Kitonga. Mwanangu gari la ekseli saba likijaa linaruhusiwa mpaka tani 56 kwa sheria ya mizigo ya Afrika Mashariki, na nyie mnashuka na shaba mgongoni, mlima mkali, kona zimebana, upande mmoja ukuta wa mwamba upande wa pili bonde. Ukiweka nyutro injini imeachia matairi, uzito wote umebaki kwenye breki peke yake, unakanyaga unakanyaga zinapata moto zinaanza kunuka, na kila ukikanyaga unamaliza upepo wa breki kwenye matangi, halafu unataka kurudisha gia gari limeshachanganya na gia inakataa kuingia. Hapo hata huyo mzee na uzoefu wake anakuwa abiria kama wewe. Kinachoniuma zaidi hata huo ubahili wenyewe ni wa kizamani, maana injini za siku hizi za kielektroniki ukiwa ndani ya gia na mguu umeutoa kwenye mafuta zinakata dizeli zenyewe, ila ukiweka nyutro injini inabaki sailensa, yani inaunguruma yenyewe bila kukanyagwa, na sailensa nayo inakula. Yani kwenye mteremko kama ule anahatarisha maisha yenu kwa kuongeza matumizi!

Ila usimwambie hivyo, ndo utaonekana msomi kweli. Kabla ya mlima mnapita Ilula pale kwenye nyanya, mwambie asimame mkague breki, halafu muulize kwa adabu zote "mzee, na mzigo huu nishuke na gia ya ngapi?" Umemfanya mwalimu, na mwalimu hawezi kukujibu "shuka bila gia" huku wenzake wanasikia. Akikutajia gia iweke kabla mteremko haujaanza, washa eksozi breki, ile inayopunguza mwendo kwa kubana moshi wa injini, ukihitaji breki ya mguu kanyaga kwa uhakika gari lipungue kisha achia, usikae nayo. Na akikwambia nyutro bado, paki pembeni sehemu salama umpe usukani. "Mzee hapa shusha wewe mi nijifunze." Atatukana. Mwache atukane, ila ajali ikitokea trafiki anaanza na aliyekuwa kwenye usukani, hataki kujua nani alikuwa mwalimu.

Halafu ile elfu ishirini. Umeipitisha katikati ya barua kama vile nisiione, nimeiona. Hiyo sio soda, hiyo ni ya kukufunga mdomo, na siku ofisi ikipima tenki ikakuta upungufu mzee atasema tulikuwa wawili na kijana alikula, na kweli ulikula. Usichukue tena. Mwambie bado upo kwenye majaribio unaogopa, asikie ni woga wako, asione kama unamhukumu, mtu wa namna hiyo ukimtisha anakuwahi ofisini na stori yake.

Ofisini nenda, ila usiende na orodha ya boksa na matusi utaonekana unadeka. Nenda kwa msimamizi wa magari, omba kumalizia mafunzo na dereva mwingine, na sababu iwe moja tu, kushuka mlima nyutro na mzigo. Andika tarehe, gari na sehemu kwenye daftari kabla hujasahau, na kama gari lina kifaa cha kufuatilia spidi wataona wenyewe lilivyokuwa linakimbia pale mlimani.

Kuhusu kufukuzwa sitakudanganya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ukiwa chini ya miezi sita kwa mwajiri mmoja haikupi ile kinga ya kuachishwa isivyo haki, kwa hiyo ongea kwa utaratibu, usipayuke kwenye grupu la WhatsApp la madereva. Wakigoma kukubadilishia na mzee akaendelea na nyutro yake, anza kutafuta kampuni nyingine kimyakimya, ng'ombe wa mama alinunua cheti na leseni na hivyo unaondoka navyo. Toa notisi, kama unalipwa kwa mwezi na umeshavuka mwezi wa kwanza ni siku 28, na usitoke pale bila cheti cha utumishi, wanatakiwa kukupa hata kama hamkuachana vizuri.