Laiki haziendi kikaoni

Nyinyi mnaoanza hii kazi ya vijana na simu hapa Mombasa, ya kutumia mitandao kuidai kaunti huduma, hebu kaeni kidogo niwaambie, manake mie nilianza bila kuambiwa na nikamaliza mwaka mzima nahesabu laiki.

Ilikuwa hivi. Tulichoka na giza la njia yetu kule Kisauni, ile unayopita ukishashuka matatu usiku, nguzo za taa zipo lakini hakuna kinachowaka, basi tukarekodi kivideo cha dakika moja, dada mmoja atembea na tochi ya simu huku ahesabu nguzo, hii haiwaki, hii nayo haiwaki, mpaka kumi na nne. Wallahi ilitembea hio video! Ilifika mpaka kwa mashangazi zetu walioko Oman. Komenti zaingia tu, mie nishajiona mheshimiwa. Ikaja siku ya kikao cha kutoa maoni kuhusu bajeti ya kaunti, na katika umati wote ule uliolaiki tukafika wanne, na mmoja nadhani alifuata soda. Nikasimama nikaongea kwa uchungu kweli kweli, kumaliza tu, karani mmoja mama wa makamo akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, maandishi yako yako wapi?" Sikuwa na hata kikaratasi. Nilikuwa na simu, na chaji asilimia nne.

Hapo ndipo nikajua kuna kalenda. Mwaka wa pesa waanza Julai 1, makadirio ya bajeti yatakiwa yafike bunge la kaunti kabla ya Aprili 30, lakini kabla ya hapo kuna ile karatasi ya mkakati wa fedha ambayo hupelekwa mwisho wa Februari, na humo ndimo kila idara hukatiwa kiasi chake. Sasa wewe ukianza kelele mwezi wa tano unagombania makombo. Video yetu tuliitoa Mei. Siku hizi video za taa, mitaro na vyoo vya soko twazitoa Januari, na kila video ina karatasi yake ya ukurasa mmoja, jina la mtaa, idadi, picha. Na mkienda kikaoni msiingie kama walioalikwa kwa hisani, Katiba kifungu cha 196 yaliambia bunge la kaunti liwashirikishe wananchi.

Jambo la pili na kwangu mie ndilo kubwa, grupu la WhatsApp halizai viongozi. Grupu lina watu mia mbili, mia moja tisini ni asubuhi njema na maua. Kiongozi utamuona ukimpa kazi ndogo yenye siku yake. Akiandika "serikali imetusahau", usibishane naye, mwambie poa, nenda kapige picha nguzo tano, andika kila moja iko karibu na duka la nani, nitumie Ijumaa baada ya swala. Kumi watasema sawa, wawili wataleta. Shika hao wawili. Mmoja wetu alikuwa ndio kwanza amaliza fom foo, tukamwachia aandike barua ya kuomba kujua taa zetu zilitengewa pesa ngapi, sheria ya kupata habari ya 2016 yaruhusu uandike kwa Kiswahili au Kiingereza na ofisi yafaa ijibu ndani ya siku 21. Aliiandika mara nne. Mara ya kwanza ilikuwa matusi matupu, ya nne hata mie nilimuonea gere.

Mtaniambia mbona 2024 vijana waliusambaza Mswada wa Fedha, ule wa kodi mpya, kwenye TikTok bila karatasi za ofisi. Kweli, lakini kumbukeni kilichofanya watu waelewe, kuna waliokaa wakausoma kifungu kwa kifungu kisha wakaueleza kwa lugha ya nyumbani. Kusoma kwanza. PDF ya kurasa 80 kwa mtu mwenye bando la saa moja haifunguki, fupisha uweke voisi ya sekunde 60, kwa Kiswahili cha huku kwetu, si kile cha taarifa ya habari.

Na wasichana. Tulikuwa twafanya mjadala wa sauti kwenye X, ile Twitter ya zamani, saa tatu usiku, hakuna msichana aliyefungua mdomo, nikawa nasema hawapendi siasa. Ujinga wangu. Saa hio yuko sebuleni na babake na kakake, na akiongea tu matusi yamfuata mpaka inboksi. Tukahamia alasiri, voisi zatumwa kwa admini dada peke yake, yeye ndiye ahamishia grupuni bila jina kama mwenyewe hataki. Wiki ya tatu tulikuwa na voisi nyingi za wasichana kuliko za wavulana. Picha ya mtoto wa chini ya miaka 18 usiweke bila ruhusa ya mzazi, hilo halina mjadala.

La mwisho ni laini ya simu, mtacheka. Peji yetu ya kwanza ilisajiliwa kwa namba ya jamaa mmoja, mtu poa sana, akapata kazi Qatar akaondoka na laini mfukoni, kule akaizima. Siku tumetolewa kwenye akaunti, zile tarakimu za kuthibitisha zaenda kwenye namba ambayo haipo hewani. Tukaanza upya na wafuasi 11, watatu kati yao ni mimi.