Mpeleke, lakini si kwa ajili ya historia

Swali la wiki: Je, inafaa kumpandisha mtoto wa chini ya miaka saba treni ya zamani ya mvuke, au ni kutupa nauli? Anajibu msomaji wa Changamwe, Mombasa.

Inafaa. Ila ile sababu mliyoitanguliza, kwamba mtoto "ataonja historia", mimi siikubali. Mtoto wa miaka minne hana historia. Kwake jana na enzi za Mreno ni siku moja. Mwambie reli yetu ilianza kujengwa hapa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899 na Kisumu 1901, naye atakuuliza biskuti ziko wapi.

Alicho nacho ni macho, masikio na pua. Na kichwa cha treni ya mvuke hakifichi kitu. Moto unauona, maji unayaona yakitiwa, mvuke unautazama ukitoka, na vile vyuma virefu vinavyosukuma magurudumu viko wazi ubavuni. Magari ya siku hizi yamefunikwa yote. Treni yetu ya sasa, Madaraka Express, inakutoa Miritini mpaka Nairobi bila wewe kujua kinachoivuta kinakula nini.

Kwa hiyo panga siku yako kwa ajili ya kichwa cha treni. Safari yenyewe iwe nyongeza.

Nasema hivi kwa kuwa marehemu mume wangu alikuwa fayamani, yaani mtunza moto wa kichwa cha treni, na binti yetu ameolewa Bradford, Uingereza. Nikienda kuwaona wajukuu, karibu na kwao kuna reli ya Keighley and Worth Valley, nayo nimeizoea. Ni fupi, kilomita 8 hivi, stesheni 6, kutoka Keighley hadi Oxenhope. Ilifunguliwa 1867, ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, wenyeji wakakataa ife, na 1968 wakaifungua tena wenyewe. Hadi leo wengi wanaoiendesha ni watu wa kujitolea, na miongoni mwao wamo wazee waliostaafu ambao hakuna kinachowafurahisha kama mtoto mwenye maswali. Ukifika mapema, kabla dereva hajaanza kuangalia saa, ukaomba kwa adabu, mara nyingi mtoto atainuliwa achungulie mlango wa tanuri. Hiyo ndiyo nauli yako imerudi, na treni haijang'oa nanga.

Hapo ndipo wazazi wengi wanapokosea. Wanafika dakika tano kabla ya kuondoka, wanakokotana hadi kwenye behewa, wanakaa, halafu kwa nusu saa mtoto anatazama kondoo dirishani. Kondoo hata sisi tunao. Fikeni saa nzima mapema. Kichwa kile kimewashwa tangu alfajiri, maana maji mengi namna ile hayachemki kwa dakika kumi, na wakati huo wa kungoja ndio wenye mambo: mtu anapaka mafuta kwenye viungo vya chuma, mwingine anakoroga makaa, bomba la maji linageuzwa juu ya tangi. Mjukuu wangu wa kati aliwahi kumfuata yule mtu wa kupaka mafuta kutoka gurudumu hadi gurudumu kama karani wa bandarini, akihesabu.

Wala usihangaike na maelezo makubwa. Mimi husema tu: umeona sufuria ya maharagwe inavyotikisa mfuniko? Basi humu ndani mfuniko umefungwa, mvuke hauna pa kutokea ila kwa kusukuma chuma hiki, na chuma hiki kinazungusha gurudumu. Mtoto wa miaka mitano anaelewa. Baba yake alikuwa na shahada na hakuwa akielewa, lakini hayo ni ya nyumbani.

Jambo la pili ni kuchagua upande wa njia. Reli ile inapanda mlima kutoka Keighley mpaka mwisho, kwa hiyo kwenda ndiko kwenye kelele: kichwa kinahema, moshi unatoka kwa vishindo, mabehewa yanavutwa mtu akisikia kwamba yanavutwa. Kurudi ni kuteremka, kimya kabisa, na hapo mtoto hulala. Mkiwa na uwezo wa kwenda upande mmoja tu, pandeni wa kupanda mlima, kurudi mchukue basi. Na mkifika mwisho wa njia msikimbilie chai. Kichwa hufunguliwa, hupita reli ya pembeni peke yake, kisha huja kufungwa upande wa pili. Kwa mtoto hilo ni tamasha lenye mwanzo, kati na mwisho, na halina tikiti ya ziada.

Sasa kelele. Filimbi ya mvuke si honi ya matatu. Inakata. Mtoto wa chini ya miaka mitatu aweza kuogopa hivi kwamba siku nzima iharibike, na tena haitoki filimbi peke yake: kuna ule mvuke unaofyatuka ghafla juu ya boila ukizidi, nao hautoi taarifa. Nunua vile vizibo vya masikio vinavyovaliwa kichwani, mvalishe nyumbani kwanza azoee. Kaeni behewa la nyuma, si la mbele. Watu hugombania la mbele, kumbe la nyuma ndilo linalokuonyesha kichwa kizima treni ikikata kona, na masizi yanayofika huko ni machache. Akiingiwa na chembe ya masizi jichoni asisugue, mwoshe kwa maji safi. Nguo ziwe za rangi iliyokolea. Ile kanzu nyeupe ya Idi iacheni nyumbani, nimeona mama akilia.

Mabehewa ya zamani yana ngazi za juu na pengo kati yake na jukwaa, kwa hiyo kigari cha mtoto mchanga ni mzigo: kikunjeni au mbebeni mgongoni kwa leso. Milango mingi ina kioo kinachoshuka chote, na hapo hapana mjadala, mtoto hatoi kichwa wala mkono, maana nguzo na tuneli hazimwoni. Choo, muulizeni mhudumu kwanza, maana katika mabehewa mengi ya zamani hakitumiki treni ikisimama stesheni. Mimi kuhusu chakula nina amri moja, kaimati hazipandi treni. Chukueni chapati kavu.

Wapo watakaosema, bibi, hayo ni ya Uingereza, sisi wa hapa tufanyeje? Kweli, treni ya mvuke ya kupanda kila Jumamosi hatuna. Lakini vichwa tunavyo, na vikubwa kuliko vile vya Worth Valley. Nendeni Makumbusho ya Reli, Nairobi, mkamwone Mount Gelai. Ni mmoja wa vichwa 34 vya daraja la 59 vilivyotengenezwa na kampuni ya Beyer Peacock ya Manchester mwaka 1955 na 1956, vikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Tani 252, juu ya reli ya upana wa mita moja! Boila liko katikati, limening'inizwa kati ya seti mbili za magurudumu, ndiyo maana kitu kirefu vile kiliweza kukata kona za Mazeras. Kwetu hakikuchoma makaa, kilichoma mafuta mazito, kwa hiyo fayamani wa hapa hakushika koleo kama yule wa Uingereza. Alishika vali, na jicho lake liko kwenye moshi: ukiwa mweusi mno, mafuta yanapotea. Mume wangu alikuwa akitazama hata moshi wa jiko langu kwa jicho hilo.

Na kwa mtoto wa miaka miwili au mitatu, mimi naona kichwa kilichopoa kinashinda kinachowaka. Hakiunguzi, hakipigi kelele. Anagusa gurudumu lililompita kimo, anaona kuwa yeye ni mdogo, anafurahi. Kile cha moto na aje akione akiwa na miaka mitano.

Namna ya kufika nayo ni rahisi. Pandeni Madaraka Express Miritini, mtoto wa chini ya miaka 3 halipi na wa 3 hadi 11 hulipa nusu. Mkishuka Nairobi, kuna treni ya kuunganisha inayowaingiza mpaka stesheni ya zamani mjini, na makumbusho yako hapo karibu. Mtoto amepata treni mbili na kichwa kimoja kwa siku moja, na hata kama hakupanda cha mvuke hana deni na mtu.

Tahadhari moja ya huko. Makumbusho yana behewa namba 12, ambamo mwaka 1900, pale Kima, simba aliingia usiku akamtoa mrakibu wa polisi Charles Ryall. Watu wazima hulipenda sana. Ukimsimulia mtoto wa miaka minne halafu ukampandisha treni ya usiku kurudi Mombasa, shauri yako. Kama lazima kisa, mpe cha Sayyid Baghali wa Mackinnon Road, ambaye msikiti na kaburi lake viko kando ya reli. Inasimuliwa kwamba alipokuwa akifanya kazi ya kujenga reli, karai la kokoto lilielea juu ya kichwa chake bila kumgusa. Watoto wangu walikikubali kisa hicho bila swali, na wajukuu vilevile, ila mmoja aliyetaka kujua karai lilikuwa la rangi gani.

Kuhusu nauli, ambayo ndiyo nusu ya pili ya swali lenu: inatupwa pale mzazi anaponunua safari ndefu kwa kudhani kilomita ndizo anazolipia. Mtoto mdogo ana subira ya dakika thelathini, arobaini akiwa amelala vizuri. Ndiyo maana nikisikia watu wakisema Mount Gelai au mwenzake Mount Shengena awashwe tena avute watalii kutoka Mombasa hadi Nairobi usiku kucha, mimi najua safari hiyo si ya wajukuu wangu. Kama atawashwa, na aletwe huku pwani avute mabehewa manne kutoka mjini mpaka Mazeras, kule kwenye mlima, aheme vizuri. Na lango la stesheni lifunguliwe saa mbili kabla ya kuondoka.