Kafungwa miaka 5 Masasi: siku 10 za kwanza ndizo za kuwahi

Pole dada. Umeuliza kaka yako aliyefungwa miaka 5 Masasi akate vipi rufaa, na kwamba umeambiwa ana siku 45. Hukumu yake imetolewa na Mahakama ya Wilaya, kwa hiyo rufaa yake inakwenda Mahakama Kuu, Kanda ya Mtwara. Hizo siku 45 ulizoambiwa ni za kuwasilisha sababu za rufaa. Kabla ya hapo anatakiwa atoe taarifa ya kusudio la kukata rufaa ndani ya siku 10 tangu hukumu, na hapa ndipo wengi wanapokwama. Taarifa yenyewe ni karatasi moja: jina, namba ya kesi, mahakama iliyohukumu, tarehe. Namba ikikosewa tarakimu moja tu, inaweza kuleta pingamizi. Kwa kuwa yuko ndani, anaipitisha kwa mkuu wa gereza. Nauli ya kwenda Mtwara mjini kwa ajili hiyo kaa nayo.

Siku hiyohiyo aombe kwa maandishi nakala ya hukumu na ya mwenendo wa kesi, yaani kumbukumbu za yaliyosemwa mahakamani. Siku za kusubiri nakala hazihesabiwi kwenye zile 45, ila tunza barua yenye mhuri wa kupokelewa.

Je, alikiri kosa? Basi kwa kawaida atapinga adhabu tu, ukubwa wake au uhalali wake.

Kukata rufaa hakumtoi gerezani. Dhamana huombwa kwa ombi lake tofauti, na huwa ngumu kupatikana. Kama siku 10 zimeshapita, aombe kuongezewa muda kwa kiapo kinachoeleza sababu za kuchelewa. “Sikujua sheria” haisaidii.