Shangazi, miaka yangu imekwenda wapi?

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 41. Kila Jumapili usiku napanga ratiba, mambo kumi na mawili kwa siku, na ikifika Ijumaa sijatimiza hata nusu. Wenzangu wamesonga mbele, mimi najiona nimepoteza maisha. Hata mama yangu, mwenye miaka 73, namwona mara mbili tu kwa mwaka kwa kuwa anaishi mbali. Nimemwahidi nitakaa naye mambo yakitulia. Nifanyeje nisizidi kupoteza muda?*
*Niliyechelewa*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila nikifika kwa mama yako nasimama. Umemtaja kwa kupitia tu, lakini kwangu hapo ndipo barua ilipo.

Hebu tupige hesabu. Tumwombee mama afike miaka 83. Kwa mwendo wako wa sasa, mtaonana mara 20. Sikutishi, mwanangu. Mtu akisema miaka kumi anaona bahari isiyo na ng'ambo. Akisema mara ishirini, anaanza kuhesabu kwa vidole, na hataki hata moja impite akiwa ameinamia simu. Na huko kutulia kwa mambo unakokungoja, mimi niliyekutangulia kuzaliwa sijakuona bado. Likitoka hili, linaingia lile.

Na ratiba isipotimia, usijilaumu kwa uvivu. Mwaka 1979 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza kosa tunalolifanya karibu sote: tukikadiria muda wa kazi, tunaiwaza kana kwamba hakuna kitakachotukwamisha, tunasahau kazi kama hiyo ilituchukua muda gani mara iliyopita. Kwa hiyo anzia huko nyuma. Ikiwa ripoti ya mwezi uliopita ilikula siku tatu, na hii ipe tatu, hata kama moyo unakwambia utaimaliza kwa moja. Ukipima hivyo, yale mambo kumi na mawili yatabaki matatu au manne. Yaliyozidi yafute. Usiyasukumie kesho, kesho ina yake.

Najua kufuta ndiko kugumu, maana nyuma ya kila jambo kuna mtu uliyemwambia "sawa" kabla hajamaliza sentensi. Jizoeze kusema, "Nipe hadi kesho nikujibu." Ukilala na ombi usiku mmoja, asubuhi utajua kama ulikubali kwa kupenda au kwa kuona haya. Wapo watakaonuna. Waache wanune, watazoea.

Kuhusu wenzako waliosonga, sina mengi. Unaona walipofika, walichokiacha njiani huwezi kukiona ukiwa hapo ulipo.

Leo, kabla hujaandika ratiba nyingine, fungua kalenda uweke safari za kwa mama: tarehe kamili, usiandike "mwezi ujao". Ukiongeza mbili tu kila mwaka, zile 20 zinakuwa 40. Kazi ndizo zipangwe kuzizunguka. Ukifika, usiende na orodha ya mambo ya kumtengenezea. Kaa. Muulize yeye alipokuwa na miaka 41 alikuwa akiogopa nini.

Mpigie simu sasa hivi umtajie tarehe, kisha uniandikie alisema nini.

Shangazi yako