Kusubu goroli za gobore: maswali yenu na majibu

Maswali ya kusubu, yaani kuyeyusha madini ya risasi na kuyamimina kwenye kalibu (umbo la chuma) yatoke goroli, yamekuwa mengi jamani, nimechukua yanayojirudia. Yote yanahusu gobore lenye mifereji ndani ya mtutu, lile la kushindilia kwa mbele.

Naweza kuyeyusha zile vyuma vidogo vya kubalansi tairi?

Vinayeyuka ndio, ila sio risasi tupu isiyochanganywa, vina antimoni na bati ndani na siku hizi vingine ni zinki kabisa. Ukichanganya hovyo unapata goroli ngumu, nyepesi kidogo, na kubwa kidogo kuliko kalibu yako inavyotakiwa kutoa maana mchanganyiko ule unasinyaa kidogo kuliko risasi tupu, halafu unashangaa mbona kushindilia kumekuwa kazi. Tafuta risasi laini, ile ukiikwaruza kwa ukucha inaacha alama. Mabomba ya zamani ya maji na mabati ya risasi ya kuezekea mara nyingi ni laini. Za betri ya gari achana nazo kabisa, zina asidi na aseniki na zinaweza kutoa gesi ya kuua.

Goroli zangu zinatoka na mikunjo mikunjo, nimeongeza moto lakini wapi!

Kaka, moto wa chungu sio tatizo, kalibu yako ndio ya baridi. Risasi tupu inayeyuka kwa digrii 327 za Selsiasi, ila ya kumimina mimi naipeleka kwenye 400 hadi 425, na kalibu nayo lazima ipate moto wake. Iweke ukingoni mwa chungu ipate joto, kisha mimina haraka haraka na zile za mwanzo zote rudisha chunguni bila hata kuzikagua. Mikunjo ikiisha na goroli ikang'aa, hapo umefika. Ikianza kuwa na ukungu mweupe mweupe kalibu imezidi moto, pumzika kidogo. Na angalia mafuta, tone dogo tu la mafuta ndani ya kalibu linaleta mikunjo ileile hata moto uwe sawa.

Kuna haja gani ya kupima uzito kama zote zimetoka kalibu moja?

Hili swali nalipenda sana. Risasi ikiganda inasinyaa kama asilimia 3 na ushee, sasa ule upungufu lazima ujazwe na risasi ya juu ambayo bado ni maji, kama hakuna, ndani kunabaki kishimo usichokiona. Goroli yenye kishimo upande mmoja haizunguki sawa, inakwenda inakotaka. Kwa hiyo unapomimina acha dimbwi la kutosha juu ya bamba la kukatia (kile kibati cha juu ya kalibu chenye tundu la kumiminia), usiwe bahili, na usikate kikonyo, yaani kile kishina kinachobaki kwenye tundu, mpaka dimbwi ligande vizuri. Halafu mzani. Goroli ya milimita 12.45, ile ya mtutu wa 12.7, inatakiwa iwe karibu gramu 11.5. Zipange kwa uzito, utaona nyingi zimekusanyana pamoja na chache zimebaki nyuma, hizo nyepesi ndizo zenye vishimo, rudisha chunguni. Ikizidi uzito, kalibu haikufunga, kuna kichembe katikati. Mimi tofauti ikipita gramu 0.1 siipeleki kwenye shabaha, na naamini mzani mzuri unasaidia kuliko kalibu ya bei mbaya.

Ule uchafu wa kijivu juu ya chungu nitupe?

Usikimbilie kutupa, sehemu ni risasi yako. Tia kipande kidogo cha nta, kitatoa moshi na kinaweza kushika moto kwahiyo kaa mbali kidogo, koroga mpaka chini, ndipo uenguze unga uliobaki. Unga huo ndio wenye sumu kuliko hata moshi, usiupulize, weka kwenye kopo lenye mfuniko. Fanyia kazi nje, watoto wasiwepo, usile wala kuvuta sigara, na nguo za kazini zisifuliwe pamoja na za nyumbani.

Kikonyo kinaelekea wapi wakati wa kushindilia?

Juu, katikati ya mtutu, kila mara. Kile kidoa bapa kilichobaki ulipokata kikonyo kikikaa pembeni uzito umehama pembeni.

Nikitumia risasi ndefu yenye shimo kitakoni badala ya goroli?

Ile ya Minié wa Ufaransa, ya 1849, haihitaji kitambaa cha kuizungushia kama goroli maana kitako kinatanuka baruti ikiwaka na kushika mifereji. Hapo madini laini ya risasi ni lazima, magumu hayatanuki na utakosa shabaha. Mimina kalibu ikiwa ya moto zaidi kuliko ya goroli, na ukingo wa kitako ukiwa na pengo hata dogo usiitumie.

Mvua ikinikuta namimina je?

Zima, ondoka. Tone moja la maji likizama kwenye risasi ya moto linageuka mvuke ghafla na chungu kizima kinakurukia. Hata vipande vya kuongezea vikaushe kwanza ukingoni, na miwani, glovu na viatu vya kufunika visikosekane.